Farasi Kamkataa Dereva, Kamtaka Mama Mkwe

Wiki iliyopita niliishia pabaya. Farasi jike aitwaye Malkia alikuwa amesimama katikati ya ubao wa kupandia lori langu. Miguu ya mbele juu, ya nyuma chini. Na chini ya mmoja wa hiyo ya nyuma palikuwa na mguu wangu.

Kwa wewe unayenisoma leo kwa mara ya kwanza, karibu kwenye mikosi yangu. Mimi ni dereva. Zamani nilikuwa nahamisha makochi na makabati ya watu, mpaka kabati moja la vioo liliponitoa kwenye biashara hiyo. Nikalitengeneza lori upya. Nikalitandika mpira sakafuni, nikamwaga majani makavu, nikaandika ubavuni kwa herufi kubwa: TUNASAFIRISHA FARASI.

Tangu siku hiyo kila ninayekutana naye ananiuliza swali lilelile: "Tangu lini farasi akabebwa?"

Jibu sina. Nilichonacho ni alama za meno begani.

Malkia ni mali ya Mama Hatamu, mwenye shule ya kufundisha watu kupanda farasi. Tunamwita hivyo kwa sababu hatamu haimtoki mkononi hata akienda benki. Alikuwa ameniahidi kwamba nikimfikisha Malkia salama kwenye uwanja wa mashindano, farasi wake wote nitawasafirisha mimi. Nikishindwa, kazi anampa Kapteni.

Kapteni ndiye mshindani wangu. Ana lori jipya linalong'aa kama sahani ya wageni, na kofia nyeupe ya unahodha ambayo haivui. Hajawahi kupanda hata mtumbwi.

Na kwenye kiti cha mbele cha lori langu, amekumbatia mkoba wake, alikuwa amekaa mama mkwe. Nilikuwa nampeleka kwa dada yake maana njia ni moja. Mama mkwe ni mkunga mstaafu, anaishi peke yake nyumba ya pili kutoka kwetu. Kazi yangu hakuwahi kuipenda.

"Panda, we farasi!" nilikuwa nafoka. "Panda!"

Mlango wa mbele ukafunguka. Mama mkwe akashuka.

"Mnamfokea wa nini?" akauliza. "Mwenzenu kaogopa."

"Mama, huyu ni farasi."

"Naona. Sijapofuka. Hebu toka hapo."

"Mama, siwezi kutoka. Kanikanyaga."

Alimsogelea Malkia, akamwekea kiganja shingoni, akaanza kuongea naye kwa sauti ya chini, ile sauti ambayo nusu ya watu wa mtaa wetu ndiyo waliyoisikia kwanza walipokuja duniani.

"Haya, mama. Tuko wote. Pumua. Vuta ndani. Toa. Usisukume bado, nitakwambia."

Malkia akavuta ndani. Akatoa. Mama Hatamu, aliyekuwa amesimama pembeni akitusubiri, akaacha kutazama saa yake.

"Vizuri sana. Tena. Wewe ni jasiri. Wangapi wamepita hapa wakiwa na hofu kuliko wewe? Haya, sasa. Sukuma!"

Malkia akanyanyua mguu, mimi nikapata wangu, naye akaingia ndani ya lori kama bibi harusi aingiaye ukumbini. Akageuka, akasimama mahali pake, akaanza kutafuna majani.

Mama Hatamu alibaki mdomo wazi. "Huyu ni nani?"

Ukweli ulinifika kwenye ulimi, ukageuka, ukarudi ulikotoka.

"Ni mtaalamu wetu," nikasema.

Tukafunga mlango. Mama mkwe akarudi kwenye kiti chake cha mbele, akaweka mkoba mapajani. Nikawasha injini.

Du! Teke la kwanza likatingisha lori zima. Du! La pili likaangusha kioo cha pembeni. La tatu sikulisubiri.

"Mama," nikasema, huku natazama pembeni kwa adabu, "nadhani anakutaka wewe."

"Anitake mimi, mimi ni majani?"

Du!

Nyuma ya kiti cha dereva, kwenye lori langu, kuna kijichumba cha kukaa mtunzaji wa farasi, kimetengwa na farasi kwa mbao zinazofika kifuani. Sikuwahi kuwa na mtunzaji. Nilikuwa naweka humo tairi la akiba. Siku hiyo nililitoa tairi, nikaweka kiti cha plastiki, nikampandisha humo mama mzazi wa mke wangu.

Ndugu msomaji, nielewe. Mbele ya mama mkwe mimi hata chakula natafuna kwa adabu. Akiingia sebuleni nasimama. Leo nimempakia nyuma na mnyama, nikamfungia kwa komeo kwa nje.

Malkia alipomwona akaacha mateke. Akamwekea kidevu begani, akafumba macho.

Tukaondoka.

Hatujafika mbali, askari wa barabarani akanyoosha mkono. Nikasimama.

"Umebeba nini?"

"Farasi, afande."

"Tangu lini farasi akabebwa?"

Nikamwonyesha bega lenye alama za meno.

"Yuko peke yake?"

Hapo mtu mwenye akili angesema ndiyo.

"Yuko na mama mkwe," nikasema.

Askari akavua miwani yake ya jua. "Mama mkwe wako amekaa wapi?"

"Nyuma, afande."

"Na farasi?"

"Nyuma, afande."

"Na mbele amekaa nani?"

Tukakitazama kiti cha mbele kwa pamoja. Palikuwa na mkoba wa mama mkwe. Nilikuwa nimeufunga mkanda.

"Nionyeshe kibali," akasema kwa sauti ya mtu anayejizuia.

"Cha farasi hiki hapa."

"Na cha mama mkwe?"

"Hicho nilipewa na marehemu baba mkwe, kwa mdomo."

Akazunguka ubavuni, akafungua mlango mdogo kwa kishindo.

"Shikamoo, mama! Uko salama? Huyu kijana kakuweka humu kwa nguvu?"

"Marahaba," sauti ya mama mkwe ikatoka gizani. "Punguza kelele. Ndiyo kwanza amepata usingizi."

"Samahani, mama," askari akanong'ona.

Akaufunga mlango taratibu kwa mikono miwili, akaja kwangu akinyata, akanirudishia kibali changu.

"Endesha polepole," akaniambia sikioni. "Wamelala."

Uwanjani Malkia alishuka akiwa mtulivu, manyoya yake laini, hana jasho. Siku hiyo aliruka vizuizi vyote bila kugusa hata kimoja. Mama Hatamu akanijia mbio, hatamu mkononi.

"Kazi ni yako! Farasi wangu wote. Ila kwa sharti moja: huyo mtaalamu wako awepo kila safari. Akikosekana, tusijuane."

"Hakuna shida," nikasema.

Shida ilikuwa nyumbani, imesimama mlangoni na mwiko.

"Mama yangu ananuka nini?" mke wangu akauliza.

"Tuingie ndani kwanza."

"Nimekuuliza. Mama yangu ametoka hapa ananukia sabuni, anakwenda kwa mama mkubwa. Sasa hivi mama mkubwa amepiga simu, anasema hajamwona. Na amenipita hapa mlangoni kichwani ana majani."

"Alinisaidia kidogo kazini."

"Kazini kwako kuna farasi!"

"Ndiyo maana."

Mke wangu alinyanyua mwiko. Alikuwa na mengi ya kusema na yote yalikuwa haki yake. Umempakia mama yangu kama godoro! Mtu mzima, magoti yanamuuma! Watu wakisikia watatuelewaje? Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa nahesabu vigae vya sakafu, najiandaa kwenda kumwambia Mama Hatamu kwamba kazi imeota mbawa.

Ndipo sauti ikatoka bafuni, imechanganyika na maji.

"Mkwe wangu! Safari nyingine lini?"

Mwiko ukabaki hewani.

"Mama?" mke wangu akaita.

"Namuuliza mumeo. Na mwambie nataka mto wa kukalia, kile kiti kimenichoma. Redio sitaki. Na breki azikanyage kwa heshima."

Basi hivyo ndivyo nilivyoajiri mama mkwe, au alivyoniajiri, maana mpaka leo sijajua bosi ni nani.

Kazi zikaja kwa mfululizo. Tukabeba farasi wa mashindano, farasi wa sinema, farasi mzee aliyekuwa anahamia shambani kupumzika. Kuna mmoja alikula usukani wa baiskeli ya mteja na mwingine alipanda lori akakataa kushuka, ikabidi mama mkwe amwimbie. Nikanunua matairi mapya. Mke wangu akanunua pazia. Ukipita mtaani unasikia watu wanasema, yule pale, yule wa farasi, na hawacheki. Wanacheka kidogo tu.

Lakini sasa lazima niwaambie habari za kidirisha.

Kati ya kiti cha dereva na kile kijichumba kuna kidirisha kidogo cha kusukuma. Nilikuwa nakiacha wazi ili nisikie kama kuna tatizo. Nilichosikia siku moja, tukiwa na Malkia barabarani, ni mama mkwe anatoa taarifa yangu.

"Huyu unayemsikia anakwaruza gia," alikuwa anamwambia Malkia, "ndiye aliyemchukua binti yangu. Mimi nilitaka daktari. Akaniletea dereva."

Malkia akakoroma.

"Na mimi nilikoroma hivyohivyo. Tena dereva wa makabati! Kabati lenyewe akalivunja."

Nikaushika usukani kwa nguvu. Nilitaka kukifunga kidirisha, mkono ukakataa.

"Lakini nikwambie kitu, mama. Hajawahi kumfokea binti yangu. Hata siku binti yangu alipochoma shati lake la kazi kwa pasi, alilivaa hivyohivyo na alama yake mgongoni. Na siku tuliyomzika mzee wangu, watu walipoondoka wote, huyu alibaki anapanga viti. Hakuniambia pole, hakuniambia nini. Alipanga viti mpaka vikaisha, kisha akavipanga upya."

Nilikuwa nimelisahau jambo hilo. Sikuvipanga upya kwa wema, nilikuwa sijui niende wapi. Barabara ikaanza kuwa na ukungu, na hapakuwa na ukungu.

"Nyumba yangu imekuwa kubwa sana, Malkia," akaendelea, polepole. "Nikipika, napika ya watu wawili. Nikiongea, naongea na redio, na redio haikoromi. Ndiyo maana sitaki kuisikia humu."

Nikakohoa, nikajifanya nabadilisha gia.

"Haya, wewe mkwe wangu," sauti ikapanda. "Yako yameisha. Funga hicho kidirisha. Yaliyobaki ni yetu wanawake."

Nikakifunga haraka, kidole kikabanwa, wala sikulia.

Tangu siku ile nikawa namwendesha mama mkwe kama mayai.

Sasa ingekuwa hadithi ya watu wengine, ingeishia hapo kwa furaha. Ni yangu. Kwa hiyo akatokea Kapteni.

Ilikuwa uwanjani, kwenye mashindano makubwa kidogo. Kapteni alikuwa ameleta farasi dume mweusi wa tajiri mmoja, mnyama mwenye shingo nene na macho ya ugomvi. Alinikuta nafagia lori langu.

"Bado unabeba farasi na wazee?" akacheka, mkono kiunoni. "Mimi lori langu lina feni. Farasi akipanda hahitaji bibi wa kumshika mkono."

Kabla sijapata jibu la kumpa, yule dume akakata kamba. Akashuka ubao kwa mruko mmoja, akapita karibu na Kapteni, akamnyakua kofia kwa meno, akaanza kukata mbuga katikati ya meza za watazamaji. Viti vikaruka. Mama mmoja akapanda juu ya boneti la gari. Mwamuzi akajificha nyuma ya kikombe cha mshindi, kikombe chenyewe kidogo.

Nasi tukaona kwa nini Kapteni havui kofia. Kichwa chake kilikuwa kinang'aa kuliko lori lake.

"Mshikeni!" akapiga kelele, mikono miwili juu ya utosi.

Mtu wa kumshika hakuwepo. Ila mama mkwe alikuwa anatoka chooni, mkoba begani, na yule dume alikuwa anamjia moja kwa moja.

"Mama! Kimbia!" nikaita.

Hakukimbia. Alisimama, akashika kiuno.

"Wewe! Unakwenda wapi na kofia ya watu?"

Dume akafunga breki. Nasema akafunga breki, kwato zikachimba mifereji kwenye nyasi. Akasimama mbele yake akihema, kofia mdomoni.

"Lete."

Akaleta.

"Na hizo pumzi zako hizo, unamtisha nani? Vuta ndani. Toa. Hivyo. Mtu mzima mzima, aibu."

Akamshika sikio akamrudisha mpaka kwenye lori jipya. Kisha akaifuta kofia kwa upande wa gauni lake, akampa Kapteni.

"Asante sana, mama," Kapteni akasema.

"Mama yako nani? Una miaka mingapi wewe?"

Kapteni akamtajia, kwa sauti ndogo.

"Basi niite dada," akasema mama mkwe, akaenda zake.

Kapteni alibaki amesimama. Kofia alikuwa ameishika kifuani na alisahau kuivaa mpaka jua likamchoma.

Kuanzia hapo sikupumua. Kila tukifika uwanjani, Kapteni huyo. Leo kaleta karoti za Malkia. Kesho kaleta mwavuli. Mara anamwita mama mkwe akaone feni yake. Mara nawaona wamekaa kwenye lori jipya nyuma ya uwanja, kule kwenye nafasi wazi, nao wanazunguka taratibu, wanazunguka, kisha wanarudi mama mkwe akiwa anacheka.

"Kapteni anataka kuniibia mtaalamu," nikamwambia mke wangu.

"Atamwibaje mama yangu? Mama yangu ni redio?"

"Anamrubuni. Feni, karoti, mwavuli. Ananionyesha kwamba mimi sina kitu."

"Kwani una nini?"

Nikaenda kununua mto mpya wenye vifundo vya dhahabu. Nikaweka zulia dogo kwenye kijichumba. Nikamwita mchoraji, chini ya TUNASAFIRISHA FARASI akaniongezea: MTAALAMU NDANI. Mama mkwe aliyaona hayo yote, akasema tu, "Mh." Hiyo "mh" ikaninyima raha zaidi kuliko mateke.

Ndipo ikafika Jumapili hii ninayoisimulia, siku ya fainali.

Tulikuwa tumempakia Malkia asubuhi, kila kitu sawa. Mama Hatamu alikuwa amenisisitizia kwenye simu: geti la uwanja linafungwa mapema, atakayechelewa haingii, na Malkia asipoingia basi nami nijihesabu nimetoka. Nikamjibu asiwe na wasiwasi. Lakini mama mkwe akataka tupite nyumbani kwangu mara moja, avae blauzi aliyomwachia mke wangu. Nikaliegesha lori mbele ya nyumba, Malkia ndani, injini nikazima, ufunguo nikautundika kwenye msumari ukutani kama kawaida yangu.

Mke wangu alikuwa anapiga pasi ile blauzi. Mama mkwe alikuwa chumbani anachana nywele. Mimi nilikuwa nazunguka sebuleni natazama saa.

Nikasikia lori linasimama nje. Nikachungulia. Lilikuwa lile jipya, linang'aa, limeegeshwa nyuma ya langu hatua chache tu, pua yake imeelekea mkia wangu.

Akashuka Kapteni. Amevaa suti. Viatu vimepigwa rangi. Kofia ameishika mkononi, na kichwa nacho, naapa, alikuwa amekipaka mafuta.

Nikajua saa imefika. Nikasimama katikati ya mlango.

"Hodi," akasema.

"Karibu, lakini usiingie," nikasema. "Najua ulichokuja kutafuta."

Akashtuka. "Unajua?"

"Mimi si mtoto. Nimekuona siku zote hizi. Nakwambia wazi, mwanaume kwa mwanaume: huyu mama hakodishwi. Haazimwi. Hata umwekee feni tatu. Alianza na mimi na atamaliza na mimi."

Kapteni akaitazama kofia yake, akanitazama.

"Sijaja kukodi," akasema. "Nimekuja kuoa."

Nyuma yangu nikasikia pasi inatua kwenye blauzi, ikabaki hapohapo.

"Kuoa nani?" nikauliza. Ndiyo, ndugu msomaji, niliuliza.

"Mama mkwe wako."

Nikapiga hesabu ya ukoo kwa haraka. Akimwoa mama mkwe, yeye anakuwa baba mkwe. Nitasimama akiingia sebuleni. Nitatafuna kwa adabu. Nitamwamkia, huyu aliyenicheka kwa kubeba farasi na wazee, kila asubuhi ya maisha yangu.

"Baba watoto," mke wangu akanong'ona nyuma, "pua yangu inanusa moshi au ni mimi?"

"Ni blauzi," nikasema.

Mlango wa chumbani ukafunguka. Mama mkwe akatoka, nywele nusu zimechanwa, kitana mkononi. Akamtazama Kapteni, suti, viatu, mafuta. Sikuwahi kumwona mama mkwe akikosa la kusema. Alikosa kidogo tu.

"Umekuja leo?" akamwuliza. "Si tulisema baada ya fainali?"

"Nimeshindwa kusubiri, dada."

Mke wangu akakaa chini. Alikaa kwenye ubao wa pasi, nao ukaanguka naye.

"Mama!" akasema akiwa sakafuni. "Mlisema?"

Mama mkwe akavuta pumzi ndani, akaitoa. Akanigeukia mimi.

"Mzee wangu hayupo," akasema, na sauti yake ilikuwa ileile ya kwenye kidirisha. "Mtoto wa kiume sikujaliwa. Mwenye kumjibu mgeni huyu, katika nyumba hii, ni wewe. Sema, mkwe wangu. Ukikubali nitafurahi. Ukikataa nitakuelewa."

Nje, Malkia akaanza kugonga lori. Du. Du.

Wote wakanitazama. Nikafikiria ile nyumba kubwa na chakula cha watu wawili. Moyo wangu ukasema ndiyo, kabisa, bila kusita. Nikafungua mdomo niliseme neno hilo jema, na mdomo, kwa kuwa ni wangu, ukasema:

"Sasa mama, utakuwa unapanda lori la nani?"

Mama mkwe akashusha kitana.

"La kwangu, bila shaka," Kapteni akadakia. "Mke wangu atapanda lori langu."

"Ana mkataba na mimi!"

"Mkataba gani? Mto?"

"Lori langu lina zulia!"

"Langu lina feni!"

Tulikuwa tumekaribiana pua kwa pua tukipigia kelele zulia na feni, na hatukumwona mama mkwe anavyotutazama. Aliponyanyua kitana tukanyamaza.

"Huyu anataka nikae na farasi wake," akasema taratibu. "Huyu anataka nisiwaache farasi wake. Kati yenu, aliyeniuliza mimi nataka kukaa wapi ni yupi?"

Mimi nikatazama vigae, Kapteni akatazama kofia yake.

"Basi bakini hapa mjadiliane. Malkia ana fainali."

Akachukua mkoba wake. Akapita katikati yetu, akanyoosha mkono ukutani, akautoa ufunguo wa lori kwenye msumari, akatoka.

Nilicheka kidogo. "Mama, rudi. Hujui kuendesha lori."

Mlango wa lori ukafungwa. Nikamgeukia Kapteni nicheke naye, maana kuna mambo hata maadui hucheka pamoja. Hakuwa anacheka. Alikuwa anaikunja kofia yake.

"Kapteni," nikasema. "Kule nyuma ya uwanja. Mlikuwa mnazunguka mnafanya nini?"

"Alinibembeleza," akasema. "Alisema amechoka kuwa mzigo."

"Ulikuwa unamfundisha kuendesha?"

"Ana kipaji kikubwa."

Injini ikawaka. Tukatoka mbio sote watatu, mke wangu na blauzi iliyotoboka mkononi. Mama mkwe alikuwa amekaa nyuma ya usukani wangu, mgongo umenyooka, anatazama mbele. Ndani, Malkia alikuwa ametulia tuli, anaamini mambo yote yako katika mikono salama. Gia ikalia kwa maumivu. Lori likatetemeka.

Kisha likaanza kurudi nyuma.

"Kapteni," nikasema, "mwambie akanyage breki!"

"Ya kurudi nyuma hatujafika," Kapteni akasema kwa sauti ambayo haikuwa yake. "Tulisema tutaifanya wiki ijayo."

Lori lilikuwa linashika kasi, mkia wake umeelekezwa sawasawa kwenye ile pua inayong'aa.

"Na ndani ya lori lako umebeba nini?"

Hakunijibu, alikuwa ameshaanza kukimbia. Aliyejibu, kutoka ndani ya lori jipya, kwa mlio mmoja mrefu wa hasira, ni yule dume mweusi.